Wifi anahesabu miji, mimi nahesabu viti

SWALI: Mimi na wifi yangu tunakwenda Ulaya mwezi Juni kwa siku 12, na ni mara ya kwanza kwetu sote. Viza tumeshapata. Ratiba kaipanga yeye: Amsterdam tunalala siku mbili, Brussels moja, Paris mbili, Venice mbili, Florence moja, Roma mbili, na siku moja iliyobaki ameiandikia "tutaona". Wifi ni mtu wa kuamka alfajiri na kutembea kama anafukuzwa. Mimi magoti yananisumbua, na raha yangu ni kukaa mahali nikatazama watu. Kaka yake, yaani mume wangu, anacheka tu. Anasema tutarudi kwa ndege mbili tofauti. Je, ratiba hii inawezekana? Na tufanyeje tusigombane? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Dada, inawezekana. Kila kiangazi watu hufuata ratiba ya namna hiyo na hurudi salama, simu zimejaa picha, ila ukiwauliza hii ilipigwa wapi wanaanza kubishana. Tatizo si miji yenyewe, ni kuhama. Miji sita ni kuhama mara tano, na kila kuhama hula nusu siku: kufunga mabegi, kurudisha ufunguo, kuburuta mizigo hadi stesheni, kupanda treni, kutafuta hoteli kwa simu yenye chaji asilimia nne, kisha kuambiwa chumba hakijawa tayari. Hapo zimekwenda siku mbili na nusu. Toa siku ya kufika, ambayo mtu huimaliza akisinzia, na siku ya kuondoka, ambayo huishia kwenye foleni. Mnabaki na siku saba na nusu za kuiona Ulaya, na wifi yako anataka kuzigawa kwa sita.

Kazi yangu ni kupanga na kuongoza safari za watu wa kwetu huko. Nimewaona mume na mke, mama na binti, marafiki wa tangu chekechea, wakinuniana mbele ya majengo mazuri kupita kiasi, na jengo halina kosa lolote. Chanzo ni njaa, miguu au choo, na mara nyingi vyote vitatu kwa pamoja, mida ya saa kumi na moja jioni.

Saa hiyo acha niieleze vizuri, maana ndiyo itakayokukuta. Ufaransa na Italia jiko la mgahawa lina saa zake. Chakula cha mchana hutolewa kuanzia saa sita hadi saa nane, nane na nusu mkibahatika. Baada ya hapo mpishi anavua aproni, na sehemu nyingi jiko haliwashwi tena mpaka saa moja jioni, Roma hata saa moja na nusu. Sasa mtu kama wifi yako, ambaye saa saba mchana anasema "tumalizie na kanisa hili kwanza", anatoka kanisani saa tisa na kukuta viti vimeshapinduliwa juu ya meza. Kuanzia hapo mnatembea na njaa kwa saa nne nzima. Neno lolote litakalosemwa katika saa hizo nne, hata "tupite kushoto", litasikika kama tusi la nguoni.

Kwa hiyo mle saa sita na nusu, kanisa litangoja, limeshangoja miaka mia tano. Na kwenye mkoba msikose tende. Tende naitaja kwa makusudi. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka kwetu kuingia na nyama, maziwa au vitu vilivyotengenezwa kwavyo, na karibu matunda yote yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, ndizi, nazi, doriani na tende. Machungwa ya Muheza yaacheni nyumbani. Sambusa za nyama za mama mkwe nazo zisahauni, na kazi ya kumwambia mpe binti yake, si wewe.

Ratiba ningeikata hivi: Amsterdam mlale siku mbili, Paris nne, Venice mbili, Roma tatu. Brussels itoke. Florence iwe ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo kutoka Roma, na aende wifi peke yake. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo jambo kubwa ninalotaka kukuambia.

Kuhusu Brussels najua atakachosema. Atasema anataka kumwona yule mtoto anayekojoa. Sawa. Manneken Pis ni sanamu ya shaba yenye urefu wa sentimita 55 na nusu, kazi ya Jérôme Duquesnoy ya mwaka 1619, na imesimama kwenye kona ya mtaa ikifanya kazi yake mchana kutwa. Watu wanavuka bahari, wanafika, wanauliza "yuko wapi?" nao wamesimama mbele yake. Halafu huyo aliye nje ni nakala. Wa asili yuko ndani ya makumbusho ya jiji. Kwangu mimi kinachofurahisha ni kabati lake. Kila nchi na kila chama kinamletea vazi, na sasa anazo suti zaidi ya elfu moja, zimejengewa nyumba ya maonyesho palepale jirani. Mtoto asiye na suruali ana nguo kushinda ukoo wenu wote pamoja na wakwe. Wifi akishikilia, chukueni treni ya asubuhi kutoka Amsterdam, ni kama saa mbili, acheni mabegi kwenye makabati ya stesheni ya Midi, mkamwone mtoto, mle, mpande treni ya Paris ambayo haifiki saa moja na nusu. Nunueni tiketi mbili tofauti, Amsterdam hadi Brussels na Brussels hadi Paris, kwa sababu treni ya kasi huifuata saa iliyoandikwa kwenye tiketi, huwezi kushuka ukazurura ukapanda nyingine.

Hapohapo kwenye tiketi kuna mtego wetu sisi. Treni ya 15:20 ni saa tisa na dakika 20 alasiri. Wawili mkiwa mmechoka, mmoja akisoma saa ya Kizungu na mwingine akiitafsiri kichwani, ndipo watu hufika stesheni kwa mbwembwe na kukuta reli tupu. Kubalianeni mapema: saa zote za tiketi mziseme kama zilivyoandikwa, bila kutafsiri.

Amsterdam nitapita haraka. Jihadharini na ngazi: nyumba za kando ya mifereji ni nyembamba na ngazi zake zimesimama wima, kiasi kwamba samani hupandishwa kwa kamba na kuingizwa dirishani, ndoano za kazi hiyo mtaziona zimechomoza juu karibu na mapaa. Kabla ya kulipia hoteli ulizeni kama ina lifti. Wakijibu kwamba ni jengo la kihistoria, jibu ni hapana. Jihadharini na njia nyekundu kando ya barabara, ni ya baiskeli, na mwendesha baiskeli wa Amsterdam hupiga kengele mara moja tu. Na jihadharini na jua. Juni linazama saa nne usiku, kwa hiyo mtu mwenye kauli ya "tutembee mpaka giza liingie" hatarudi hotelini kabisa. Nyumba ya Anne Frank, yule msichana wa Kiyahudi aliyejificha humo wakati wa vita na kuandika shajara, huuza tiketi mtandaoni tu, hutolewa kila Jumanne kwa ziara za wiki sita mbele, kwa hiyo hilo lifanyeni mkiwa bado Tanga. Mengine yote yaoneni mkiwa kwenye boti ya mifereji, mmekaa.

Paris nimewapa siku nne kwa sababu ya Louvre, yale makumbusho makubwa ya sanaa, na kwa sababu ya viti.

Nianze na Louvre. Jumanne hufungwa. Jumatano na Ijumaa hufunguliwa hadi saa tatu usiku, na jioni hiyo makundi ya mabasi yanakuwa yameshaondoka. Tangu Januari 2026 wageni kutoka nje ya Eneo la Uchumi la Ulaya wanalipa euro 32, wenyeji wa eneo hilo wanalipa pungufu. Yaani sisi tunawachangia ukarabati. Kwa bei hiyo wifi yako ataapa kumaliza vyumba vyote. Havimaliziki. Msimwache aanze.

Kila mtu anakwenda kwa Mona Lisa, nanyi mtakwenda. Ni picha ya sentimita 77 kwa 53, nyuma ya kioo kinene, na mbele yake kuna umati ulioinua simu juu. Mwaka 1911 Mwitaliano mmoja, Vincenzo Peruggia, aliyewahi kufanya kazi humo, aliiiba, na watu wakapanga foleni kwenda kutazama nafasi tupu ukutani. Nikiutazama umati wa leo sioni tofauti kubwa, ila siku hizi ile nafasi imezibwa na kisogo cha mtu wa Seoul.

Mkishapiga picha yenu, geukeni. Ukuta wa nyuma yenu, ambao watu wote chumbani wameupa mgongo, una picha kubwa kuliko zote Louvre: Harusi ya Kana ya Paolo Veronese, ya mwaka 1563, karibu mita saba kwenda juu na mita kumi kwenda pembeni. Ni ile harusi ya kwenye Injili, divai ilipoisha na Yesu akageuza maji. Hapo ndipo mtu kama wewe, dada, mwenye raha ya kutazama watu, atakapolipwa euro zake zote 32. Wageni wamo zaidi ya mia. Wapiga muziki wako katikati, hawajali lolote. Kushoto kuna kibeti ameshika kasuku wa kijani. Kulia paka anakwaruza mtungi. Kuna mama wa heshima, kavaa vizuri, anachokoa meno. Juu kabisa, kwenye roshani, watu bado wanakata nyama wakati wageni wameshafika, jambo ambalo halihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kuwa kwenye kamati ya harusi. Na bwana na bibi harusi? Watafute. Wamesukumwa mwisho wa meza, pembeni kabisa kushoto, hakuna anayewatazama. Mimi nimewahi kuwaweka watu mbele ya picha hiyo kwa nusu saa wakisengenya wageni mmoja mmoja, na mlinzi akaja kusikiliza.

Ikumbukeni picha hiyo, tutakutana nayo Venice.

Sasa viti. Bustani ya Luxembourg, na ya Tuileries iliyo mlangoni mwa Louvre, zina viti vya chuma vya kijani, kila mahali, bure. Unavuta chako ukakiweka kivulini au kando ya bwawa na hakuna wa kukuuliza. Baadhi vimelazwa nyuma kidogo, vya kupumzisha miguu. Hilo ndilo la kwako. Wewe keti Luxembourg kwa muda wa saa tatu, wifi azunguke atakavyo, mkutane palepale. Siku nyingine nenda Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926, una ua wa vigae na ukumbi wa chai ya nanaa pembeni, na hakuna anayekufukuza ukishamaliza glasi.

Najua unachowaza. Kwetu kumwacha mwenzio ugenini ni aibu. Wifi akituma picha yuko peke yake juu ya mnara, kundi la familia la WhatsApp litawaka: "Mke wa kaka yuko wapi? Mmegombana?" Basi kila asubuhi pigeni picha ya pamoja, mmekumbatiana, itumeni saa tatu, familia itulie. Baada ya hapo kila mtu na lake mpaka saa mlizopanga. Nimeona kwa macho yangu kwamba wasafiri wawili wanaoachana kwa muda wa saa tatu kila siku wanakutana wakiwa na ya kusimuliana, na wasioachana kabisa wanafika siku ya tano hawana hata moja, kwa sababu kila kitu wamekiona pamoja na kila kosa limeshuhudiwa.

Jambo moja tu: kituo cha kukutana kiwe kitu kisichoweza kuwa viwili. "Mbele ya mnara wa Eiffel" si mahali. Mnara una miguu minne na kila mguu una mbele yake. Na kwa kuwa tumeutaja, mnara huo unawafaa nyote wawili kwa siku moja. Kuna ngazi 674 kutoka chini hadi ghorofa ya pili, na tiketi yake ni nafuu. Wifi apande. Wewe chukua lifti. Mkutane juu, yeye anahema, wewe umeshachagua upande mzuri wa kutazama.

Mkienda kanisa la Sacré-Cœur lililo kilimani, chini ya ngazi vijana watawachangamkia: "Africa! Sister! Hakuna matata!" Mtu mgeni anaona raha kusikia lugha yake kilimani Paris, anatoa mkono, na kabla hajamaliza kusema "mnatoka wapi" ameshafungwa uzi wa rangi mkononi na anadaiwa hela. Mikono mfukoni, tabasamu, tembeeni. Wifi kwa mwendo wake hawatamkamata, ni wewe.

Kutoka Paris hadi Venice watu huwaambia mpande ndege ya bei poa. Tazameni kwanza inaondokea wapi. Kuna uwanja unaouzwa kwa jina la Paris ulioko Beauvais, zaidi ya kilomita 80 kutoka mjini, na begi lenu moja linaweza kulipiwa zaidi ya nauli yako. Mimi ningepanda treni: Gare de Lyon hadi Milano kama saa saba, kisha saa mbili na nusu hivi hadi Venice. Ni siku nzima, ndiyo, lakini ni siku nzima umekaa, milima ya Alpi inapita dirishani na wifi hana pa kwenda. Mshuke stesheni ya Santa Lucia, msishuke Mestre, ambayo bado iko bara. Treni inavuka maji kwa daraja refu, mnatoka mlango wa stesheni, na mbele yenu badala ya teksi ni Mfereji Mkuu wenyewe na boti zinapishana. Hakuna mji wenye mlango mzuri kuliko huo, nauweka juu ya Roma na Paris bila kusita.

Venice haina magurudumu. Ina madaraja zaidi ya mia nne, karibu yote ya ngazi, na begi lenu mtalibeba. Chagueni hoteli kwa kuhesabu madaraja kati yake na kituo cha boti. Moja sawa, manne hapana. Msikae kwenye ngazi wala kandokando ya uwanja wa San Marco kula mkate, ni kosa la faini. Njiwa nao wamepigwa marufuku kulishwa tangu mwaka 2008. Ukikaa mgahawani pale uwanjani, bendi inapiga na muziki unalipiwa, umo kwenye bili hata kama ulikuwa unaongea na simu. Wanaokuja kushinda tu na kuondoka hutozwa kiingilio siku zilizotangazwa. Mnaolala hamlipi, ila siku hizo mnajiandikisha mtandaoni kupata msamaha.

Halafu gondola. Bei rasmi ya mchana ni euro 90 kwa nusu saa, na hiyo ni ya chombo kizima, watu hadi watano. Wifi atasema ni wizi, na anayetoka Tanga ana haki ya kusema hivyo. Lakini hata msipopanda, simameni gatini mkakitazame chombo chenyewe kwa macho ya watu wa pwani. Kina urefu wa karibu mita 11, na hakiko sawa: upande wa kushoto umejengwa mpana kuliko wa kulia kwa sentimita 24. Mpiga kasia ni mmoja, kasia ni moja, la upande wa kulia, na ule upinde wa mbao ndio unaozuia chombo kisizunguke. Fundi wa ngalawa angekaa hapo kutwa. Kwa matembezi ya kweli pandeni vaporetto, yaani boti ya abiria, namba 1, tiketi ya euro 9.50 inadumu dakika 75, mkipata viti vya mbele mtaupita Mfereji Mkuu wote polepole, majumba kulia na kushoto, kwa chini ya robo ya hela ya gondola.

Na ile harusi. Veronese aliichora kwa ajili ya ukumbi wa chakula wa watawa wa San Giorgio Maggiore, kisiwa kile mnachokiona ng'ambo ya San Marco. Mwaka 1797 askari wa Napoleon waliikata, wakaikunja, wakaipeleka Paris. Napoleon alipoanguka vitu vingi vilirudishwa, hii Wafaransa wakasema ni kubwa mno kusafiri, wakatoa picha nyingine badala yake. Ilipokwenda haikuwa kubwa, ilipotakiwa kurudi ikawa kubwa. Tangu mwaka 2007 ukutani pale pamewekwa nakala iliyotengenezwa kwa mashine, ukubwa uleule, na inaonekana kwa ziara ya kuongozwa. Mtu aliyeiona ya asili Paris akaja kuiona nakala mahali ilipozaliwa, kwenye utulivu na mwanga wake, mara nyingi huipenda nakala. Kisha pandeni mnara wa kanisa hapohapo kisiwani. Una lifti.

Sasa Roma, na Florence ya wifi. Siku moja kati ya tatu, isiwe Jumatatu kwa sababu makumbusho makubwa ya Florence hufungwa, apande treni ya kasi asubuhi, ni saa moja na nusu tu, arudi jioni. Huko ana sanamu ya Daudi ya Michelangelo, mita 5 na sentimita 17, na ana kuba la kanisa kuu, kazi ya Brunelleschi, lenye ngazi 463 na halina lifti. Tiketi yake ina saa maalumu, ainunue mapema. Mpe na tende. Florence ndipo mwandishi Mfaransa Stendhal, mwaka 1817, alipotoka kanisa la Santa Croce moyo unamdunda na miguu haina nguvu kwa sababu ya uzuri alioutazama. Daktari wa akili wa hapo, Graziella Magherini, aliwachunguza watalii zaidi ya mia moja waliofikishwa hospitali wakiwa wamezidiwa namna hiyo, na hali hiyo akaipa jina la Stendhal. Mimi siwezi kubishana na daktari, lakini wa kwangu walioishiwa nguvu Florence walikuwa hawajala.

Wewe siku hiyo Roma ni yako. Kahawa inywe ukiwa umesimama kaunta, ni euro moja na kitu, kikombe kidogo, chungu, watu wanaongea mpira na siasa, hutahisi ugeni. Ukikaa mezani kahawa ileile inapanda bei, lakini kwa magoti yako lipa. Maji ya kunywa ni bure kwenye mabomba ya chuma yaliyosimama mitaani usiku na mchana, beba chupa. Ngazi za Uhispania ni nzuri sana na usikae juu yake, faini yake huweza kufika euro 400. Chemchemi ya Trevi, tangu Februari 2026 watalii wanalipa euro 2 kuteremka hadi ukingoni. Kutazama kutoka juu ni bure, na sarafu zinazotupwa huchukuliwa na shirika la Caritas kusaidia maskini. Basi namba 64, linalotoka stesheni ya Termini kuelekea Vatikani, limejaa mahujaji, watalii na watu wanaopenda mikoba ya mahujaji na watalii. Mkoba mbele, zipu mkononi.

Mkienda kanisa la Mtakatifu Petro mabega na magoti lazima yafunikwe, na mlangoni kila siku utawaona wageni wakihangaika kununua vitambaa vya karatasi. Wewe una khanga. Beba doti nzima: moja ya kujifunika, ya pili ya kutandika popote panaporuhusiwa kukaa.

Kuhusu choo nitasema wazi kwa kuwa hakuna anayesema. Uholanzi na Ufaransa ni karatasi tu, kwa hiyo chupa ndogo ya maji isikose kwenye mkoba. Italia amri ya serikali ya mwaka 1975 iliagiza kila nyumba iwe na bide, lile beseni la kujisafishia kwa maji baada ya choo, na hoteli nyingi zinayo. Mkifika Venice mtahisi mmerudi kwenye ustaarabu. Stesheni choo hulipiwa, wekeni sarafu. Paris vile vibanda vya mitaani ni bure. Na kila mnapopita makumbusho au mgahawa mliolipia, ingieni kabla ya kutoka, hata kama hamjabanwa.

Hela za kila siku wekeni mfuko mmoja, kila mmoja atie sawa asubuhi, utoke humo wa chakula, boti, choo na maji. Ushike wewe. Akishika wifi, kahawa zote zitanywewa mkitembea.

Mumeo mwambie asipige simu kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku kwa saa za Tanga. Huko Ulaya itakuwa saa kumi na moja hadi saa moja jioni, jiko bado halijawashwa.